Hana na Ana: Jina Moja, Masikio Mengi

Binti wa Isongole, kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, akiitwa Hana huitwa kwa jina ambalo Kiswahili hulisikia kama kitenzi cha kukosa. Asili yake yasema kinyume. Mzizi wa Kiebrania ni h-n-n, fadhili na neema, na Kiarabu kina nduguye, hanan, huruma ya moyo. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na majina ya Biblia. Lakini Kinyakyusa kilikuwa na neno lake la neema, ipyana, nalo likawa jina la watu lisilo na utata.

Je, Kiswahili kimeliharibu jina? Hukumu hiyo ni ya haraka. Kitabu cha kwanza cha Samweli chaanza kwa kuhesabu: Penina ana watoto, Hana hana. Wafasiri hawakulikusudia hilo, ila msomaji wa Kiswahili amepata asichokipata Mwebrania: jina ambalo mzizini ni neema na masikioni ni upungufu. Muyaka wa Mombasa, aliyejua kulizungusha neno moja katika maana zake, asingeipita bahati hiyo.

Tena katika Luka kuna nabii mjane, Ana. Jina ni lilelile. Kiyunani hakina herufi ya ile h ya kooni, nayo ikapotea njiani. Basi mwanamke wa miaka themanini na minne, asiye na mume, kwa Kiswahili ana.

Huku pwani wafasiri wa Kurani humwita Hanna mke wa Imrani, mamake Maryamu, ingawa aya ya 35 ya Al-Imran haimtaji kwa jina. Naye aliweka nadhiri ya kilichomo tumboni mwake. Aliyesoma chuoni hutamka h nzito na n mbili, na mchezo wa maneno ukatoweka: matamshi sahihi zaidi, shairi maskini zaidi.

Watunzi wanaomwimba Hana wa Shilo wangefanya vyema wasiishie kwenye kuzaliwa kwa Samweli, pale ambapo vina huja kwa urahisi. Alipomwachisha ziwa alimpeleka hekaluni akamwacha huko, na kila mwaka alimshonea joho dogo, akampelekea, akarudi nyumbani bila yeye.