Maoni juu ya Matumizi ya Vyombo vya Mtandao katika Mafundisho ya Kiswahili

Mwezi wa Machi 2020 vyuo na shule za Tanzania na Kenya vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na walimu wengi wakajikuta wakifundisha kwa simu. Vyuo vilifunguliwa tena, lakini simu haikutoka darasani. Tangu hapo kumekuwa na maneno mengi juu ya jambo hili, na wasemao wamegawanyika makundi mawili. Wako waonao kwamba mtandao utakomboa mafundisho yetu, na wako waonao kwamba utaiua lugha. Makundi yote mawili yana kosa moja: hulitaja neno "mtandao" kana kwamba ni kitu kimoja. Kikundi cha WhatsApp, kamusi ya mtandaoni, mashine ya kutafsiri na hazina ya hati za kale ni vyombo mbalimbali, na kila kimoja kina kazi yake na hatari yake.

Katika makala haya nitavipima kimoja kimoja kwa kipimo kimoja tu: je, chombo hiki chamwongoza mwanafunzi kwenye lugha yenyewe, au chamwondolea haja ya kuitazama? Nasema juu ya mafundisho ya chuo kikuu, wala si juu ya shule za sekondari, ambako aghalabu mwanafunzi hakubaliwi kushika simu.

Tuanze na vikundi vya WhatsApp, kwa kuwa ndivyo vilivyoenea zaidi. Lalamiko la walimu juu yake ni la maandishi: vijana huandika "m2" kwa mtu, "wa2" kwa watu, "cku" kwa siku, na "xaxa" kwa sasa. Husemwa kwamba huu ni uvivu. Tukiyatazama maneno hayo kwa jicho la isimu, twaona kwamba si ya namna moja. Katika "m2" tarakimu husomwa kwa Kiingereza, na sauti yake husimama mahali pa silabi tu. Katika "cku" jina la herufi ya Kiingereza husimama mahali pa silabi si. Huku ni kufupisha kweli, na kufupisha kwenyewe hufuata mipaka ya silabi. Ama "xaxa" ina herufi nne sawasawa na "sasa", hapana kilichofupishwa. Hiyo ni alama ya rika, kama vazi, na mwandishi wake hakuwa na haraka yo yote.

Tofauti hii si ndogo kwa mwalimu wa ushairi. Mwanafunzi aandikaye "m2" amekwisha kulikata neno "mtu" vipande viwili, na hivyo ndivyo arudhi yetu inavyolihesabu: mizani mbili. Yule yule akiulizwa darasani mizani za neno hilo, mara nyingi hujibu moja, kwa sababu amefundishwa kwamba silabi haina budi kuishia kwa irabu. Ujuzi anao, ila hajui kwamba anao. Kazi ya mwalimu si kuyakataza maandishi hayo katika mazungumzo ya vijana, bali kuyaleta ubaoni na kuuliza kwa nini yanasomeka, na kwa nini hayafai katika insha.

Faida kubwa zaidi ya vikundi hivi, kwa maoni yangu, ni sauti. Tahajia yetu ni nyepesi, lakini imeacha mambo nje. "Mbuni", ndege yule mkubwa, ana mizani mbili. "Mbuni", mtu abuniye, ana mizani tatu. Maandishi ni yale yale. "Paa" mnyama na "paa" la nyumba huandikwa sawasawa, na hali masikio ya Mvita huvitenga, kwa kuwa p ya mnyama hutamkwa kwa pumzi na p ya nyumba haina pumzi. Mwalimu aliyezaliwa bara hawezi siku zote kumwonyesha mwanafunzi tofauti hii kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini akiwa na wanafunzi waliotoka Mombasa, Lamu na Pemba, huweza kuwataka wapeleke sauti za wazee wao, na darasa zima likasikiliza. Hapo simu imefanya kazi ambayo kitabu hakikuweza kuifanya.

Hata hivyo zipo hadhari tatu. Ya kwanza, sauti ipitayo katika programu hizi hubanwa ili iwe nyepesi kusafiri; yafaa kwa sikio, haifai kwa vipimo vya maabara. Ya pili, mzee aliyerekodiwa sharti aombwe ruhusa na aelezwe sauti yake itafika wapi. Tungo ya mtu ni mali yake. Ya tatu ndiyo nzito. Mwanafunzi asiye na bando huwa hayupo darasani ijapokuwa ameketi kitini. Mwalimu atoaye mafunzo ya lazima katika kikundi peke yake amewatoza wanafunzi ada ambayo chuo hakikuiandika. Kwa hiyo lo lote litakaloulizwa katika mtihani sharti lisemwe au liandikwe pia mahali ambapo kila mtu hulipata bila ya kulipa.

Chombo cha pili ni kamusi za mtandaoni. Faida yake ni wazi: ni nyepesi kuchukuliwa, na neno hupatikana upesi. Lakini upesi huo una bei yake. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyapanga maneno ya mnyambuliko chini ya shina lake. Atafutaye "mapatano" hana budi kwanza kuvua "ma-", kisha kuitambua "patana", kisha kufika kwenye "pata"; na akifika huko huwakuta ndugu wote wa neno lile wameketi pamoja. Safari hiyo yenyewe ni somo la sarufi. Katika kisanduku cha kutafutia, mwanafunzi huandika "mapatano", hupata maana, na huondoka. Hakujua kwamba neno lina ukoo. Tena akiandika "hawakupatana" huenda asipate kitu, akadhani kwamba kamusi ina upungufu. Dawa yake si ngumu. Mwanafunzi atakiwe kuandika shina na viambishi vya neno kabla ya kulitafuta, na kamusi iwe ni hakimu wa uchambuzi wake, isiwe badala yake.

Chombo cha tatu ni mashine za kutafsiri. Kiswahili kiliingizwa katika mashine ya Google mwaka 2009, na tangu hapo kazi yake imekuwa bora sana. Ubora huo ndio ulioleta shida, kwa kuwa kosa la zamani lilichekesha, na kosa la leo halionekani. Chukua sentensi "Ni daktari, anampenda mwanawe." Kiswahili hakisemi kama daktari ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza cha kawaida hutaka kujua. Mashine hulazimika kuchagua, na huchagua kwa kufuata mazoea ya maandishi iliyolishwa. Mfasiri mwanadamu angeliuliza. Basi nashauri tafsiri ya mashine iletwe darasani kama maiti iletwavyo mbele ya wanafunzi wa uganga: ipasuliwe, kila uchaguzi uonyeshwe na utolewe sababu. Mwanafunzi aliyekwisha kuifanya kazi hii mara tano haiamini mashine upofu, na amejifunza juu ya lugha mbili kwa pamoja.

Jamaa ya mashine hii ni ile programu isahihishayo tahajia kwa mstari mwekundu, na juu yake nina neno kali zaidi. Mwanafunzi wa Kiamu akiandika "ndia" na "mato", mstari hutokea, naye hufuta upesi aandike "njia" na "macho". Hakuna aliyemwambia kwamba maneno yake ni ya washairi wakubwa wa pwani. Yafaa tukumbuke kwamba usanifishaji wetu wa kwanza nao ulikuwa na ukali wake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja, na Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930; wenyeji wa Mvita na Lamu hawakuridhika, na malalamiko yao hayajaisha hata leo. Lakini Kamati ilikuwa na wajumbe wenye majina, na ilikuwa na jarida. Aliyechukizwa alijua amwandikie nani. Mstari mwekundu hauna jina wala sanduku la posta. Hii ndiyo hatari niionayo kubwa kuliko zote: mamlaka ya kusema neno hili ni sahihi na lile si sahihi yamehama kutoka kwa watu wawezao kujibiwa, na yamekwenda kwa chombo kisichojibu.

Sifa ninayo ya mwisho, nayo ni kwa hazina mbili ambazo walimu wetu hawajazitumia vya kutosha. Maktaba ya SOAS, London, imeweka mtandaoni picha za hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikiwamo zile zilizokusanywa na W. E. Taylor na William Hichens. Zamani mtu hakuweza kuziona ila kwa kusafiri. Leo mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret huweza kuona kwa macho yake kwamba katika hati nyingi za kale herufi moja ilitumika kwa b, mb na p, na kwamba alama moja ilibeba i na e. Akisha kuona hayo hufahamu kwamba kila shairi la kale alilolisoma katika kitabu kwa herufi za Kirumi ni uamuzi wa mhariri, nao huweza kuhojiwa. Sijui njia nyingine iliyo bora ya kumfanya mwanafunzi kuwa mhakiki.

Hazina ya pili ni ile ya Helsinki, iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, yenye maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili. Kwa hiyo mabishano mengi ya matumizi huweza kuamuliwa kwa mifano badala ya kelele. Lakini maandishi yake ni ya magazeti, ya Bunge na ya vitabu. Masoko, majahazi na majiko hayamo. Tusiseme neno halipo katika Kiswahili kwa sababu halimo humo.

Kwa jumla, chombo cha mtandao kilicho bora ni kile kimwongezeacho mwanafunzi kitu cha kusikiliza na kutazama, yaani sauti, hati na mifano. Kilicho hatari ni kile kimpacho jibu kabla hajauliza swali. Mwalimu ndiye atakayevitenga, na hawezi kuvitenga asipovijua. Yatupasa basi sisi wa vyuo tuache kubishana kama simu iingie darasani, kwa maana imekwisha kuingia, na tuanze kuandika miongozo ya kila chombo, somo kwa somo, pamoja na kuwataka watungaji wa programu hizo wazipe lahaja zetu nafasi na watupe anuani ya kuwaandikia.