Ufundi wa Kujisemesha

Ukitoka Goma kwa barabara ya Sake, ukaipita Sake na kuendelea kando ya Ziwa Kivu, unafika Kirotshe. Ndiko kwao Makorobondo Salukombo, ambaye familia yake ilikimbia vita hadi Uganda, kisha ikahamia Cleveland, Marekani. Huko Marekani alikua kama mkimbiaji, na baadaye akarudi kijijini kufundisha vijana. Agosti 2016 aliiwakilisha Kongo katika marathoni ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Katika michezo hiyohiyo Beatrice Kamuchanga, mmoja wa vijana aliowanoa, alikimbia mita 5,000.

Wakimbiaji wa aina hii husifiwa miguu na mapafu. Sifa hizo ni haki yao. Lakini kuna kazi nyingine isiyoonekana kwa macho: yale mkimbiaji anayojiambia kimyakimya pindi mwili unapoanza kulalamika. Hiyo nayo ni kazi ya ufundi, na ina wanafunzi na walimu wake.

Goma si mgeni wa uvumilivu. Mji huu uliwajengea wasukumaji wa chukudu, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo, sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009, kwa kuwa ndio wanaoteremsha viazi, kabichi na makaa kutoka upande wa Kibumba, goti moja juu ya ubao na mguu mwingine ukisukuma. Mzigo ukizidi, wapita njia huwapa neno: kaza roho! Neno hilo husaidia. Tatizo la mkimbiaji ni kwamba kilomita ya 35 haina wapita njia wa kutosha, hivyo hana budi kujipa neno mwenyewe.

Je, linafanya kazi kweli? Mwaka 2014 mtafiti Samuele Marcora na wenzake walichapisha jaribio la watu 24 waliokanyaga baiskeli ya maabara mpaka wakashindwa. Kundi moja lilifundishwa kujisemesha. Kila mtu aliandika kauli zake mwenyewe, akabaki na nne: mbili za mwanzo na katikati, mbili za pale mwili unapotaka kuacha. Kisha akazizoea mazoezini. Baada ya wiki mbili kundi hilo lilidumu kwa asilimia 18 zaidi ya mara ya kwanza. Kundi ambalo halikufundishwa halikuongeza kitu. Maelezo ya Marcora ni kwamba mara nyingi mtu husimama kabla misuli haijaishiwa nguvu, kwa sababu juhudi anayoihisi imepita ile aliyo tayari kuitoa. Maneno hupunguza uzito wa juhudi hiyo.

Na hayo maneno huchaguliwa. Lazima yawe mafupi, yaende na pumzi, na yawe ya lugha ambayo mtu hulalamikia na kuombea. Kijana wa Masisi anayewaza kwa Kiswahili cha Goma huenda asisaidiwe na kauli ya Kifaransa aliyoikariri. Tena jaribio jingine, la mwaka 2019, liliwapa wanaume 16 mbio za baiskeli za kilomita 10: walipojiambia “wewe unaweza” badala ya “mimi naweza”, walimaliza haraka zaidi kwa asilimia 2 hivi. Anayejiita “wewe” hujisogeza kando kidogo na maumivu yake, akajisemesha kama kocha.

Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, ana njia inayofanana na hiyo: hutabasamu maumivu yanapokolea. Tabasamu lake limefanyiwa mazoezi sawasawa na miguu yake.

Hata hivyo, maneno hayamshibishi mwenye njaa, wala hayafungui barabara iliyofungwa na vita, na wakimbiaji wa Kivu Kaskazini wamekosa njia za mazoezi kwa sababu hiyo. Kocha anayemwambia kijana aliyelala na njaa “jikaze” anamwonea.

Lakini kwa kijana aliyekula na kulala, kocha wa Goma asiye na uwanja wa kisasa wala saa ya bei kubwa anaweza kuanza wiki hii. Mazoezi yakiisha, kila mkimbiaji aandike kwenye daftari aliyojiambia katika mlima wa mwisho, afute yaliyomvunja moyo, abakishe yaliyomsukuma, na kesho akayajaribu tena mlimani. Makocha, kazi hii ipeni muda uleule mnaoupa mwendo wa kasi.