Aliyekombolewa Aulizwe

Waamini wengi wa Morogoro hawamfahamu Mtakatifu Eligius, Askofu wa Noyon katika nchi ya Wafranki, aliyefariki mwaka 660. Inafaa wamfahamu. Masimulizi ya maisha yake, yaliyoanzwa na rafiki yake Askofu Ouen wa Rouen, yanagusa mwanzo wa Kanisa letu wenyewe.

Kabla ya uaskofu Eligius alikuwa sonara wa mfalme. Mali yake aliitumia kununua mateka na kuwaacha huru: 20, 30, hata 100 kwa mpigo waliposhushwa kutoka melini. Wengi walikuwa Wasaksoni.

Masimulizi haya yana kasoro. Yanamsifu mtoaji, na waliokombolewa wanapita kama umati. Akina Tillo tunawajua kwa sababu walibaki naye wakawa watawa. Aliyerudi kwao hana jina.

Hata hivyo, yana maneno mazito kuliko miujiza yote inayosimuliwa humo. Baada ya kulipa, Eligius aliwapa watu hao njia tatu: warudi kwao, naye awape mahitaji ya safari, wabaki naye, si kama watumishi bali kama ndugu, au waingie utawani.

Tupime historia yetu kwa maneno hayo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walikomboa watumwa, wengi wao watoto. Walipofungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, chini ya milima ya Uluguru, walileta wakombolewa waanzishe kijiji cha Kikristo. Wakombolewa walilishwa, walifundishwa, walifungishwa ndoa. Lakini kazi yao na saa zao zilipangwa na misheni, na katika vijiji vya namna hiyo wapo waliotoroka. Wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Tena kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Asiye na ukoo angelima wapi, isipokuwa shamba la misheni?

Hatusemi hivyo ili kuidharau fidia ile. Bila hiyo wangeuzwa tena. Ila fidia humtoa mtu mikononi mwa bwana wake tu. Kumfanya ndugu ni kazi nyingine, nayo huanza kwa kumuuliza anataka nini.

Leo tunachukua yatima, tunachukua wasichana wa kazi kutoka milimani, na tunaita huruma. Ni wangapi kati yao tumewauliza?