Burudani na Moto: Shairi la Mtu wa Kaoze

Sisi watu wa visiwani tumeirithi raha pamoja na jina lake. Neno burudani na neno baridi ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Anayeburudika, kwa asili ya neno, ni aliyepozwa. Moyo ukitulia twasema umepoa, na mapenzi yakiumiza twasema yanaunguza. Ndiyo maana katika tungo zetu mpenzi huwa maji ya mtungini, kivuli cha mwembe, au upepo wa matlai. Moto tumewaachia mahasidi na Jahanamu.

Kwa mizani hiyo nilimhukumu kijana mmoja mtunzi, na leo naandika kumrudishia haki yake. Shairi lake, ambalo bado ni muswada, lina beti 12 za tarbia, kila mshororo mizani 16. Lamsimulia mtu wa Kaoze aliyepanda Sumbawanga mwezi wa Julai. Hatembei kuutazama mji. Aingia nyumbani kwa shangazi yake, mlango wafungwa, na starehe yote ya mji yawa humo ndani: mafiga matatu, ugali wa ulezi, maharage, na hadithi za kupokezana hadi kuni zigeuke majivu. Katika ubeti wa mwisho amwita mpenzi wake kaa la moto. Nami nikaandika pembeni: taswira imepinda.

Nilidhani mtunzi hajui joto. Kumbe Kaoze iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, yapita mita 1,700. Mtu wa Kaoze alijua jua kama tulijuavyo sisi. Alipochagua moto hakuchagua kwa ujinga. Alikwisha kuonja vyote viwili, naye akaiita raha kwa jina lake la mahali pale. Aliyepinda ni mhakiki.

Uzuri wa shairi hili umo katika kituo chake, ambacho hakibadiliki: kila ubeti wakoma kwa mlango kufungwa. Mwanzoni mlango wauzuia upepo. Katikati wamsubiri aliyechelewa, kisha wafungwa nyuma yake. Mwishoni mgeni mwenyewe aufunga, kwa kuwa aogopa asubuhi ya kuondoka. Maneno ni yale yale, maana si ile ile. Na hiyo ndiyo kazi ya kituo, ambayo wengi wetu tumeisahau, tukakifanya pambo.

Wala hadithi za jikoni mwa shangazi si za kubuniwa hewani. Mwaka 1978 Roy Willis alichapisha kitabu kizima kuhusu sanaa simulizi ya Wafipa, *There Was a Certain Man*. Mtunzi wetu ameichukua hazina ya namna hiyo akaitia katika bahari ya pwani, bila ya kuivunja bahari wala kuitia hazina aibu.

Ila zipo. Vina vya ubeti wa 7 vimeburutwa. Tena kaa la moto lina upande ambao mtunzi hakuugusa: jiko la mkaa likiwekwa chumbani, milango na madirisha yakafungwa, huua waliolala kwa hewa isiyo na harufu. Shairi lililofunga mlango mara 12 lilistahili kuijua hatari hiyo, maana hata mapenzi yataka mwanya wa kupumulia.

Nasi tunacho kipupwe chetu. Usiku wa Julai, kusi ikivuma, nani kati yetu asiyejivutia shuka na kusogea karibu na mwenziwe? Joto lile tumelijua siku zote. Katika tungo zetu hatujalipa jina. Kijana wa bondeni amelipa. Muswada nimemrudishia, na yale maneno ya pembeni nimeyafuta.