Kiti cha Mpigaji

Kombaini ya Nyeri inapokaribia kutajwa, mabeki hupita bila maneno mengi na kipa huwa keshajulikana. Ubishi wa kweli huanza watu wanapofika kwa mpigaji wa mipira iliyokufa. Safari hii waliobaki ni vijana wawili. Wa Othaya anapigia mguu wa kulia, shuti zito lililonyooka, na ana mabao mengi zaidi. Wa Karatina ni wa kushoto. Mabao yake ni machache, lakini akiusogelea mpira ukuta mzima huanza kugombana nani asimame wapi. Wengi wanamtaka wa Othaya kwa sababu ya hesabu. Mimi nasimama na wa Karatina, na hoja yangu inaanzia kwenye kazi yenyewe.

Mpigaji anastahili kiti chake. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, kikosi cha nyota cha Pro Bowl huwa na nafasi iliyotengwa kwa mpigaji, mtu anayeingia uwanjani mara chache, akapiga, akatoka. Kwetu ni lazima kwanza awe winga au kiungo mzuri, ndipo upigaji wake uhesabiwe kuwa nyongeza. Lakini ikumbukwe CHAN ya Agosti 2025. Tarehe 7 Angola walitutangulia pale Kasarani, na ni penalti ya Austin Odhiambo iliyorudisha bao, mechi ikaisha 1-1. Tarehe 22, robo fainali, tulikuwa mbele ya Madagaska, wakasawazisha kwa penalti, kisha wakatutoa kwa mikwaju 4-3. Hiyo ndiyo ilikuwa CHAN yetu ya kwanza, na mlango wake ulifungwa na mpira uliotulia mita 11 kutoka langoni. Sielewi jinsi mteuzi aliyeyaona hayo anavyoweza kumwacha mpigaji awe wa kubahatisha.

Wa Karatina utamjua akiwa anajiandaa, hasa Aprili, masika yanapougeuza udongo mwekundu kuwa utelezi mtupu. Anavunja kijiti, anachokonoa tope kwenye meno ya njumu, na anaanza na mguu wa kulia, ule asiopigia. Hapo ndipo penye siri. Mguu wa kusimamia ukiteleza hata kidogo, mwili unalala nyuma na mpira unapaa juu ya mwamba. Kisha anaufuta mpira kwa jezi, anauweka tundu la upepo likimwelekea, anarudi hatua chache kwa mshazari. Akishalitazama lango mara moja halitazami tena. Anaugonga kwa upande wa ndani wa mguu, karibu na shina la kidole gumba, chini kidogo ya katikati ya mpira na pembeni yake, na mguu haukatiki hapo, unaendelea kupanda mbele ya mwili. Mpira unampita nje mtu wa mwisho ukutani, unaonekana kama unaielekea bendera ya kona, halafu unarudi. Kipa huwa amekwisha kuuacha. Nimeyaona haya mara nyingi na bado husimama.

Na kuupinda mpira hapa mlimani ni kazi ngumu kuliko Mombasa. Mpira unaozunguka hupinda kwa sababu unaitupa hewa upande mmoja, nayo hewa inausukuma upande wa pili. Nyeri iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Ndani ya hewa hiyo mpira unakwenda mbali na haupunguzi kasi upesi, lakini unapinda kidogo na unachelewa kushuka. Nanyuki, iliyo juu zaidi, mambo huzidi. Meru kuna nafuu. Mgeni kutoka pwani akipiga frikiki yake ya kawaida hapa, ile inayovuka ukuta na kuzama, anashangaa kuiona ikiendelea na safari.

Kwa hiyo shuti la wa Othaya linabebwa na mlima, na la wa Karatina linashindana nao. Matt Prater, mpigaji wa mpira wa Kimarekani, alipofunga kutoka yadi 64 mjini Denver, Desemba 2013, rekodi ya wakati ule, wako waliokumbusha kwamba Denver iko karibu mita 1,600 juu na hewa ilimsaidia. Nyeri iko juu kuliko Denver, ila mwinuko wake haujapata kutajwa mezani na wateuzi niliowasikia. Wanasoma mabao, wanajumlisha, wanafunga daftari.

Wa kushoto wa namna hii tumewahi kuwa naye katika Francis Kahata, tangu siku zake za Thika United, kisha Gor Mahia, hadi Simba ya Tanzania ilipomvusha mpaka, mnamo 2019. Kilichonivutia kwake ni kutokuwa na haraka.

Johannesburg inakaribiana na Nyeri kwa mwinuko, na huko, katika uwanja wa Soccer City, ilichezwa mechi ambayo kila mteuzi angefaa kuitazama upya. Ilikuwa 2 Julai 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia. Diego Forlán wa Uruguay alisawazisha dhidi ya Ghana kwa mpira wa adhabu, kwenye hewa ileile nyepesi, na mashindano yalipokwisha akatajwa mchezaji bora. Mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza Luis Suárez aliuzuia mpira kwa mkono mstarini, Ghana wakapewa penalti, na mkwaju wa Asamoah Gyan ukagonga mwamba. Ungeingia, Afrika ingepata timu yake ya kwanza ya nusu fainali. Dakika chache baadaye mikwaju ikaanza, na mtu wa kwanza wa Ghana kusogea alikuwa Gyan yuleyule. Akapiga juu, akafunga. Ghana walitolewa 4-2. Mabao ya mikwaju hayaingii kwenye hesabu ya mfungaji, kwa hiyo kwenye vitabu Gyan wa usiku ule amebaki na kosa peke yake. Mimi ningemteua kwa mkwaju ule wa pili.

Basi wateuzi waulize bao lilifungwa timu ikiwa katika hali gani, uwanja ukoje, na aliyekosa wiki iliyopita alifanya nini mpira ulipotengwa tena. Mengi ya mabao ya wa Othaya yamekuja mechi ikiwa imeshakwisha, bao la tatu, la nne. Namheshimu, na mipira ya mbali, mita 25 na zaidi, naomba apewe yeye. Huko nguvu yake na hewa yetu vinapatana. Karibu na eneo la hatari, na penalti za dakika za lala salama, zote ziwe za wa Karatina.

Na kombaini ikialikwa pwani, kijana huyu apelekwe siku kadhaa kabla ya wenzake na mipira ya kutosha. Kule hewa nzito itaupinda na kuushusha mpira wake mapema kuliko alivyozoea, na mkwaju ambao huku unaingia kwenye kona utamwangukia kipa mikononi mpaka apate kipimo kipya.