Dondoo Bila Msemewa

Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika sekondari ya Kenya anaijua amri hii: eleza muktadha wa dondoo. Alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Nimesahihisha majibu hayo hapa Eldoret mpaka nayaota, ndiyo maana nilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza picha tatu za seli zilizotolewa kwenye tishu kwa leza, mkono ulitafuta kalamu nyekundu.

Picha tatu hizo ni desturi ya fani hii ya kudondoa seli kwa leza, ambayo Michael Emmert-Buck na wenzake wa Marekani waliitangaza mwaka 1996. Ya kwanza ni tishu kabla haijaguswa. Ya pili ni tishu ileile, seli zinazotakiwa zimeshaondoka, pamebaki pengo. Ya tatu ni seli zenyewe, peke yao, zimenata kwenye utando wa plastiki. Kilichotokea katikati hakionekani: utando ulilazwa juu ya kipande chembamba cha tishu, mtu akatazama kwa hadubini, akachagua, akafyatua. Mwale ukayeyusha utando pale tu ulipopiga, utando ukashika seli zilizo chini yake, na ulipoinuliwa ukanyanyuka nazo.

Tishu ninayoifikiria mimi ni ya umio, kwa sababu ninaishi hapa. Saratani ya umio ni msiba wa Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya. Ni vigumu kupata boma lisilomjua mtu aliyeanza kwa kusema ugali unakwama, kisha uji, kisha maji. Slaidi ya saratani hiyo hutiwa rangi mbili za kawaida za maabara: zambarau kwa viini vya seli, waridi kwa karibu kila kitu kingine. Seli za saratani zimekaa visiwa visiwa. Ndani ya kisiwa unaweza kukuta duara la waridi lililojikunja tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Ni keratini, iliyorundikana mahali pasipoihitaji. Madaktari wa patholojia huliita lulu. Istiari nzuri, na katili. Baina ya visiwa pamejaa wengine: mishipa ya damu, seli za kinga zilizokuja kupigana, na seli nyembamba zinazofuma nyuzi.

Sasa ukiichukua tishu yote hiyo ukaisaga ili upime protini zake, ulichofanya ni ufupisho. Ufupisho una alama zake katika mtihani, siudharau. Lakini huu ni ufupisho wa kwaya iliyoimba yote kwa pamoja. Hujui ni nani aliyekosea noti. Dondoo la leza lilibuniwa kutibu tatizo hilo, na kwa upande wa msemaji limefaulu vizuri. Tunajua bila shaka ni seli ipi inayosema. Na mahali? Hapo ndipo ninapoisifu picha ya pili. Waandishi wengi wakishadondoa huficha mahali walipokata. Hapa pengo limeachwa wazi, umbo lake likilingana na kilichotolewa, kama ushahidi kwamba hakuna kilichoongezwa njiani.

Gharama ya fani ipo kwenye hesabu. Vinasaba hurudufishwa kwa mashine, ukianza na kidogo sana ukamaliza na kingi. Protini haina mashine ya kudurufu. Ulichokusanya ndicho ulicho nacho. Kwa hiyo mwaka 2000, kundi la Emmert-Buck lilipotaka kulinganisha seli za kawaida za umio na za uvimbe, lilikusanya takribani seli 50,000 za kila upande. Fikiria mtu ameinamia hadubini, anachagua, anafyatua, anachagua tena. Protini kama 675 zilijitokeza, na asilimia 98 zilifanana pande zote mbili. Zilizotofautiana zilikuwa 17. Miongoni mwa zilizotambuliwa ni anexini I, na habari yake ni ya kutokuwepo: katika seli za kawaida ipo, katika uvimbe imepotea. Kazi yote ile, na jibu mojawapo ni kimya! Katika tishu iliyosagwa, kimya hicho kingefunikwa na kelele za majirani.

(Kuna shida ya wino pia. Kipande cha tishu kinachohifadhiwa kwa fomalini na nta, kama ilivyo kawaida hospitalini, protini zake zimefungwa pingu. Shan-Rong Shi na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba ukizichemsha, nyingi hulegea kiasi cha kutambulika tena. Kuchemsha tu, kama githeri.)

Alama ninayoikata ni ya msemewa. Picha ya tatu inatuonyesha seli zinazosema bila mtu wa kuambiwa. Seli ya saratani huishi kwa mazungumzo: huwatumia majirani protini za kuita mishipa ya damu, za kuzubaisha kinga, na majirani nao hujibu. Ujumbe uliokwisha kutoka nje ya seli haumo tena ndani ya dondoo. Picha inaipa seli upweke ambao haijawahi kuwa nao, na jicho la msomaji, likiuona ule usafi wake, huanza kuamini kwamba ugonjwa wote umo mle.

Na muktadha hauishii ukingoni mwa slaidi. Kati ya 2013 na 2018, utafiti wa ESCCAPE uliofanyika katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi akiwa miongoni mwa viongozi wake, uliwauliza wagonjwa wa saratani hii na watu wasio nayo kuhusu chai wanayokunywa ikiwa moto, pombe wanayokunywa, hata ukaangalia meno yao kwa madoa ya floraidi. Hilo ni dodoso, fani nyingine kabisa, inayouliza “wapi” kwa upana ambao leza haiwezi. Ningependa kuona dodoso na picha tatu vikichapishwa kwenye ukurasa mmoja. Sijawahi.

Rudi kwenye picha ya pili. Ukingoni mwa pengo huweza kubaki seli moja mbili, nyembamba, zimelala kwa kufuata mviringo wa kitu ambacho hakipo tena.