Themanini na Tano, Kumi na Nne, Moja: Tahakiki ya Sentensi Moja

Katika insha hii sihakiki riwaya wala diwani. Ninahakiki sentensi moja fupi ambayo kila anayesoma au kuandika kuhusu nchi yetu kwa Kiswahili amekutana nayo: “Burundi ina makabila matatu: Wahutu asilimia 85, Watutsi asilimia 14 na Watwa asilimia 1.” Aghalabu hukaa katika aya ya kwanza ya utangulizi, kabla hata ya kutajwa Ziwa Tanganyika. Haina tanbihi. Walimu wetu, ambao hutudai chanzo hata tukiandika kwamba Shaaban Robert alizaliwa Tanga, huiacha ipite bila alama nyekundu, kana kwamba ni habari ya masika na kiangazi.

Dai langu ni kwamba sentensi hii ina umbo la takwimu lakini inafanya kazi ya methali. Inarithiwa, inakaririwa, na nguvu yake inatokana na kukaririwa huko. Kwa hiyo inastahili kusomwa kama matini, na kuulizwa maswali tunayouliza matini: nani anasema, lini, kwa lugha gani, na nani hayumo.

Tuanze na lini. Namba hizi zinarudi nyuma hadi makadirio ya utawala wa Wabelgiji, waliokaa hapa tangu 1916 hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Hayakuwa matokeo ya kuhesabu watu wote mmoja mmoja. Baada ya uhuru nchi ilifanya sensa mwaka 1979, 1990 na 2008. Sensa ya 2008 ilipata watu 8,053,574, ikauliza umri, elimu, nyumba na hata dini. Kabila haikuuliza. Basi mtu anapochukua jumla ya watu ya mwaka 2008 na kuigawa kwa asilimia za enzi za ukoloni, anashona kitambaa kipya kwenye nguo ya babu.

Jambo linalonishangaza kuliko yote ni kwamba namba hizi hazijasogea. Kuanzia 1959 Watutsi wengi wa Rwanda walikimbilia Burundi. Mwaka 1972, katika mauaji tunayoyaita Ikiza, Wahutu waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu, na maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania. Baadaye Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa 1972 na watoto wao wapatao 162,000, nao hawakurudi. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vikafuata mauaji ya watu wa pande zote na vita vya miaka zaidi ya kumi. Watu wameuawa, wamehama, wamerudi, wameoana. Namba imebaki 85, 14, 1. Kipimajoto kinachoonyesha joto lilelile mchana na usiku, masika na kiangazi, tungesema kimekufa. Isitoshe, asilimia hizohizo huandikwa pia kuhusu Rwanda, nchi nyingine yenye historia nyingine. Huko Rwanda, sensa ya 1991 iliuliza kabila, ikatoa Watutsi asilimia 8.4, na mpaka leo wapo wanaoshuku kwamba serikali ya wakati ule ilipunguza idadi hiyo kwa makusudi, maana nafasi za shule na kazi zilikuwa zikigawiwa kwa asilimia. Namba yenye mkate ndani yake haiwezi kusomwa kama ile isiyo na mkate.

Sasa nije kwa nani hayumo. Jumlisha: 85 na 14 na 1 ni mia kamili. Ukamilifu huo ndio unaoifanya sentensi ipendeze, na ndio kasoro yake kubwa, kwa sababu hauachi hata nusu ya nafasi kwa mtu wa nne. Kitabu cha shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kilichoeleza nchi zote za dunia, kwa miaka mingi kiliandika asilimia hizo tatu kisha kikaongeza Wazungu 3,000 na watu wa Asia ya Kusini 2,000. Mzungu wa Bujumbura alipata mstari wake. Mswahili wa Buyenzi hakupata.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Babu mzaa baba alikuja kutoka Kasongo, bibi ni wa Rumonge, na nyumbani hatujawahi kuzungumza lugha nyingine zaidi ya Kiswahili ila mgeni wa mlimani akija. Wabelgiji walipopanga mitaa ya Waafrika katika Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa, Buyenzi ilikuwa mtaa wa Waswahili, yaani watu waliofika kwa biashara, kwa kazi na kwa dini kutoka Kongo na Tanganyika. Watoto na wajukuu wao ni Warundi. Katika mia ile wako wapi? Mtu akiniuliza asilimia yangu, inabidi nichague mojawapo ya vyumba vitatu ambavyo babu yangu hakulala hata kimoja.

Wakati wa likizo huwa namsaidia baba mdogo, ambaye ni karani katika Bandari ya Bujumbura. Boti ikifika kutoka Mpulungu na saruji, huja na hati inayosema mifuko ni mingapi. Hati hiyo haiaminiwi peke yake. Karani anahesabu mifuko inapotoka, mwingine anahesabu inapoingia ghalani, iliyopasuka inaandikwa kando. Hesabu mbili zisipolingana, wanarudia, na makuli wananung'unika juani. Mwishowe namba inakuwa na tarehe, sahihi mbili na mtu wa kulaumiwa. Nilipomsomea baba mdogo sentensi ya asilimia, aliuliza swali la kazini kwake tu: “Nani amesaini?” Sijapata swali la uhakiki lililo bora zaidi ya hilo katika vitabu vyetu vya nadharia.

Lakini bandari nayo hudanganya, na wenyeji wa mjini tusijione tumepona. Pale lugha ya kazi ni Kiswahili: mabaharia wa Kigoma, wa Kalemie, wa Mpulungu, makuli, madereva wa malori na mama wauza chakula getini wote wanaelewana kwa lugha hiyo, na adhana ya adhuhuri ikilia utaona wengi wanatafuta maji ya udhu. Ukikaa hapo wiki moja unaweza kuapa kwamba nusu ya Burundi ni Waislamu wasemao Kiswahili. Sensa ya 2008 ilitaja Waislamu asilimia 2.5. Viongozi wa Waislamu wenyewe hutaja kati ya 10 na 12. Mimi, kwa jinsi macho yangu yalivyozoea, ningependa kubwa iwe ndiyo kweli, na ndiyo maana siamini macho yangu. Bandari ni mlango wa nchi, na wanaosimama mlangoni si mfano wa walio ndani.

Kuna kundi jingine lisiloingia katika mia, nalo si la wageni hata kidogo. Waganwa, ukoo wa watawala, katika Burundi ya zamani hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Siku hizi mara nyingi hutiwa katika fungu la Watutsi, na baadhi yao wamelalamika. Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alikuwa Muganwa. Katika miaka ya 1950 alijenga nguvu yake mjini kwa kushirikiana na wafanyabiashara Waswahili wa Bujumbura, akaanzisha ushirika wao, na Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kikashinda uchaguzi. Tarehe 13 Oktoba 1961 aliuawa akiwa katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Tafakari hilo: shujaa wa uhuru wetu, pamoja na sehemu kubwa ya waliombeba mabegani mjini, hawamo katika sentensi tunayoitumia kuitambulisha nchi aliyoikomboa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna dhambi yetu ya pekee, nayo ni neno “makabila”. Msomaji wa Dodoma au Mombasa akisoma “makabila matatu” atafikiri habari za Wasukuma, Wachaga na Wamakonde: kila kundi na lugha yake, kila kundi na nchi yake. Wahutu, Watutsi na Watwa wana lugha moja, Kirundi, na milima ileile. Neno la Kirundi ni ubwoko, ambalo hutumika hata kwa aina ya maharagwe. Sisemi tofauti hazikuwapo au hazikuua watu, makaburi yapo. Nasema neno letu linampa msomaji ramani isiyokuwapo, halafu asilimia zinaipaka rangi. Tena kabila hapa hufuata baba. Mtoto wa baba Mhutu na mama Mtutsi huhesabiwa Mhutu mzima, na wa kinyume chake vivyo hivyo. Hata tungehesabu upya kesho, watu wote, kwa njia hiyo ndoa za mchanganyiko zisingeonekana popote katika jedwali.

Upo usomaji mbaya zaidi, ule unaogeuza hesabu ya watu kuwa hesabu ya kura. “Wahutu ni 85, kwa hiyo uchaguzi umeshaamuliwa.” Nimelisikia hilo kwa watu wanaolifurahia na kwa wanaoliogopa. Hebu tulijaribu kwa uchaguzi wa rais wa tarehe 1 Juni 1993. Karibu waliojiandikisha wote walipiga kura. Ndadaye wa FRODEBU alipata karibu asilimia 65, Pierre Buyoya wa UPRONA karibu theluthi moja. Kwa ajili ya hoja, nikubali kwa muda namba ninazozikataa: hata kama Watutsi wote na Watwa wote wangempigia Buyoya, hizo ni 15 tu. Zaidi ya nusu ya kura zake zilitoka kwa Wahutu. Maelfu ya watu walisimama mbele ya sanduku na hawakufanya kile ambacho asilimia yao iliwaamuru. Jambo hili halitajwi sana, labda kwa kuwa haliwafai wapiga ngoma wa upande wowote.

Halafu kuna 60 kwa 40. Kufuatia Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, Katiba ya 2005 iliweka katika Bunge Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, na Seneti nusu kwa nusu. Wapo wanaozisoma namba hizi kama sensa nyingine, wapo wanaozilinganisha na 85 kwa 14 na kulia kwamba wameibiwa. Zote mbili ni kusoma vibaya. Asilimia 60 haisemi Wahutu ni wangapi. Ni bei ya amani, iliyopatanwa mezani na watu waliochoka kuzika. Angalia pia Watwa: katika sentensi yetu wako ndani ya mia, lakini katika Bunge ile 60 na 40 inatimiza mia bila wao, kisha wanaongezwa wabunge watatu Watwa juu yake. Katiba ya 2018 iliipa Seneti miaka mitano kutathmini kama mgawo huu uendelee au ukome, na tathmini hiyo ilizinduliwa mwaka 2023. Kwa hiyo sentensi ninayoihakiki si pambo la utangulizi. Inaingia katika mabishano ya nani atapata kazi, cheo na kiti, na inaingia bila sahihi.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga kwamba tukiitupa namba, tutawaficha wanyonge: nani atathibitisha kwamba Watwa wamebaguliwa kama hatujui idadi yao? Hoja hiyo ina uzito, na siungi mkono wanaotaka kabila lisitajwe kabisa. Lakini tazama jinsi namba yenyewe inavyowatendea hao Watwa inaodai kuwaonyesha. “Asilimia 1” ni namba iliyokatwa ikatwe vizuri; inaweza kuwa nusu ya asilimia, inaweza kuwa moja na nusu. Kwa watu wa sensa ya 2008, hiyo ni tofauti kati ya watu kama 40,000 na watu kama 120,000. Watu 80,000 wanaweza kuwapo au kutokuwapo, na sentensi isitikisike hata herufi. Kosa la ukubwa huohuo kwa Wahutu lisingeonekana. Kwa Watwa ni mara tatu. Anayetaka kujua ni familia ngapi za Watwa zisizo na shamba, ni watoto wao wangapi wamefika darasa la sita, ni wangapi wana kitambulisho cha taifa, atafute namba ya jambo hilo, tarafa kwa tarafa, na aliyeihesabu aandike jina lake chini.